Ungo Uliobaki Msumarini

Baba Mchungaji, wazee wa Kanisa, Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu, majirani na ninyi nyote mliokanyaga tope la Bujonde kuja kutusitiri, familia ya Mwaijande na familia ya Mwakilasa zinawasalimu kwa majonzi, na zimempa Eliud, mdogo wake mume wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yake, kazi aliyoikwepa tangu juzi kwa kusingizia macho, mpaka mwalimu mmoja wa hapa jirani akamkata kauli kwa kumwazima miwani. Basi mvumilieni, na pale sauti itakapokwama msimpigie makofi ya kumtia moyo, ngojeni tu, itarudi.

Marehemu Neli Anyelwisye Mwakilasa alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Busale, mtoto wa kwanza wa Mzee Anyelwisye Mwakilasa na Mama Tusekile, ambao walijaliwa watoto wengi, lakini Mungu akawaachia wawili tu wa kuwazika, Neli mwenyewe na kitinda mimba wao, Jeni, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971. Inafaa jina la Jeni litajwe mapema, tena kwa sauti, kwa sababu ukimtoa Jeni katika historia hii kinachobaki ni tarehe tu, na Neli hakuwa mwanamke wa tarehe.

Mwaka huo wa 1971 ndio Neli alioandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya pale kijijini, na kwa kuwa mama yao alikuwa anaumwa mara kwa mara, zipo siku alizokwenda shule na mdogo wake mgongoni, mwalimu akifoka, yeye akikaa nyuma kabisa karibu na mlango ili mtoto akilia atoke naye bila kuvuruga hesabu za wenzake. Alimaliza darasa la saba mwaka 1977, alifaulu vizuri ila hakuchaguliwa, nafasi za sekondari enzi hizo zikiwa chache mno, akarudi shambani kwa wazazi wake bila kununa, akabatizwa, akapata kipaimara na kuimba sauti ya pili katika kwaya kwa miaka mingi, ingawa wanakwaya wenzake waliopo hapa wanajua kwamba akisahau maneno alikuwa anaimba ya kwake.

Mwaka 1978 Jeni aliteleza kwenye gogo la kuvukia mto wakati wa masika, akavunjika mkono wa kushoto, akapelekwa kwa fundi wa mifupa ambaye aliuunga anavyojua yeye, na tangu hapo kiwiko kikakataa kunyooka. Sasa ungo, ndugu zangu, unataka mikono miwili inayosikilizana, na mama yao alikuwa na desturi ya kumpimia kila binti mpunga wake wa kutwanga na kupeta, hakuna wa kusaidiwa. Neli alikuwa akimaliza wake haraka haraka, kisha mama akigeuka kidogo anavuta fungu la Jeni upande wake, wakikaa mkeka mmoja goti kwa goti, mpaka ikawa hawawezi kupeta wakiwa wamekaa namna nyingine. Mama yao aliwaona siku zote na akajifanya hajaona.

Kwa utaratibu wa historia hizi kazi hutangulia ndoa, lakini kwa shemeji yetu ndoa ilitangulia, kwani Jumamosi ya tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na Lazaro Mwaijande wa hapa Bujonde, mkulima wa mpunga na kokoa, ambaye leo amekaa pale kwenye kiti cha mbele. Mungu akawabariki watoto watatu, Tumaini, aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1986, Andongwisye, tarehe 21 Mei 1989, na Jubilate, tarehe 30 Novemba 1993, na baadaye wajukuu, ambao walimzoea bibi yao kiasi cha kumkaripia. Mwaka 1997, wazazi wao wakiwa wameshatangulia na mume aliyemchukua Jeni akiwa ameshaonyesha kwamba hakuwa mume, Neli alikwenda Busale mwenyewe, akamleta mdogo wake hapa nyumbani, akamwambia Lazaro kwamba kile chumba cha nyuma kimepata mtu. Lazaro aliuliza ni kwa muda gani, akaambiwa asiulize maswali ya polisi.

Mwaka uliofuata, 1998, dada hawa wawili walianza kupeta mchele kwenye mashine ya kukoboa ya Bwana Andrew, ile iliyoko barabara ya kwenda Itungi. Ninyi wenyeji mnaijua, lakini kwa faida ya wageni isemwe jinsi kazi ile ilivyokuwa ikienda. Hakukuwa na ajira wala usaili, mwanamke alikuja na ungo wake, na akifika mlangoni wale waliokaa mkekani walisema neno moja, "Sogeeni," yaani walikuwa wanaambiana wao kwa wao, wakabanana, yeye akakaa, na kuanzia hapo alikuwa mwenzao. Malipo yalikuwa kwa gunia, pamoja na chenga, ule mchele uliovunjika, na jioni walirundika vyote mahali pamoja, wakagawana sawa kwa sawa kwa idadi ya nyungo, aliyepeta mwingi na aliyepeta kidogo wakabeba mafungu yanayolingana, kisha kila mmoja akatundika ungo wake kwenye msumari wake ukutani. Ungo wa Neli na ungo wa Jeni zilitundikwa kwenye misumari ya jirani. Marehemu aliwahi kusema kwamba miaka ile, na vumbi lake la pumba na kikohozi chake, ndiyo aliyoishi kuliko yote.

Lakini tusiipake sukari. Malipo yenyewe yalikuwa hayaeleweki, leo hivi, kesho vile, bei ya mchele ikianguka Dar es Salaam aliyepunguziwa wa kwanza alikuwa mpetaji wa Kyela, na msimu wa mwaka 2012 kuna majuma waliondoka na chenga peke yake. Na njaa ilipoingia, ule mgawanyo wa sawa kwa sawa ukaanza kuwasha watu. Neli, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa wapetaji, alisikia mwenzao mmoja akinong'ona kwamba mkono wa Jeni unakula kwa mikono ya wengine, akajifanya hajasikia, ila aliporudi nyumbani hakula. Kilichomuuma zaidi, alivyomsimulia mumewe, ni kwamba Jeni naye alisikia, na akacheka pamoja nao.

Hapo ndipo sheria ilipoingia katika maisha ya shemeji yetu. Mwaka 2013 alisikia redioni kwamba Serikali imetangaza kima cha chini cha mshahara, kwamba mtu akifanya kazi kila siku chini ya mwajiri kuna kiwango ambacho hairuhusiwi kumlipa pungufu, awe mwepesi au mzito, awe na mikono miwili au mmoja na nusu, na Neli akazima redio kabla tangazo halijaisha, kwa sababu alilotaka alikuwa ameshalipata. Alitaka Jeni apokee chake kwa jina lake, kisiwe hisani ya mtu, asicheke tena kicheko kile. Wengi mlidhani alifanya yale kwa ajili ya wapetaji wote, na alifanya kwa ajili yao pia, lakini familia inajua kwamba mtu aliyepanda naye basi la Mbeya moyoni, kwenda kumwona afisa kazi, alikuwa Jeni.

Lazaro alimpinga, tena wazi. Alisema sheria imetungwa mbali na haijui Bujonde, kwamba kidogo kile cha mashineni walau kilikuwa cha watu wengi, na akamtolea swali gumu, kwamba je, wale vibarua wanaopalilia na kuvuna mpunga wetu, nao tutawalipa hicho kima? Neli akasema ndiyo, nao. Na kweli, tangu msimu ule familia ililima nusu ya shamba, kwa sababu nusu ndiyo iliyowezekana kulipiwa vibarua kwa kiwango halali, nusu nyingine ikabaki majani, na kila Lazaro alipopita pale aliyaita majani yale "kima cha chini," na mkewe alikuwa anacheka huku akisonya. Lakini hakurudi nyuma, na vibarua waliolima kwetu wapo hapa leo, nao ndio waliolichimba kaburi hili.

Bwana Andrew naye, tuseme haki, hakuwa mtu mbaya na hakumtukana. Afisa kazi alipofika na kumwelewesha, alimwita Neli, akamwambia kwa heshima, "Mama Tumaini, mimi sikatai sheria, lakini mashine hii si Serikali, kwa kima hicho naweza kubaki na nusu yenu, wengine sina pa kuwaweka." Neli alimjibu kwamba mashine inayosimama kwa kuwapunja akina mama basi imeshasimama vibaya, naye akamjibu kwamba hiyo ni kauli nzuri, ila haikoboi mpunga. Wote wawili walikuwa na la kusema, na hata leo, mkiulizana huko nje ya uwanja, mtagawanyika vile vile.

Jumatatu ya tarehe 14 Julai 2014 ikafika. Bwana Andrew alisimama mlangoni mwa mashine, wanawake wote wamekaa na nyungo zao magotini, akasema kwamba yeye hawezi kuchagua, kiongozi wao anawajua vizuri zaidi, kwa hiyo Mama Tumaini aseme nani anabaki na nani anatoka. Sasa wageni wetu wasikilize hapa kidogo. Kwetu huku, ukigawa nyama, wa kwako humpi kwanza, humpi kinono, unamruka mbele ya macho ya watu, na wenzako wanapiga kelele, "Hapana, mpe na huyo!", na kelele zile ndizo zinazompa sehemu yake, ameipata kwa mdomo wa watu na hakuna wa kusema kwamba amependelewa. Ndivyo tulivyolelewa, hata mtoto wa miaka mitano anajua kungoja zile kelele. Neli akasimama, akasema, "Nianze na wa kwangu, Jeni atoke," na akanyamaza, akingoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Mashine ilikuwa inanguruma, wanawake wakatazama nyungo zao, na Anyisile, ambaye kwa miaka yote alikaa ubavuni mwa Jeni na kula naye ndizi za mbalaga katika bakuli moja, akaanza kuokota mawe katika mchele uliokwisha kuwa safi. Hatumtaji kwa ubaya, yeye mwenyewe ametuomba atajwe. Ni kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza, kila mmoja alikuwa anahesabiwa peke yake, fungu la pamoja halikuwepo tena, na ambaye angesema "Mpe na huyo" alijua kwamba huyo akipata, nafasi inayoondoka yaweza kuwa ya kwake. Neli akatazama huku na huku, mdomo wazi, akashindwa kulirudisha neno lake, kwani angelirudisha wote wangesema unaona sasa, ndugu yake. Bwana Andrew akasema, "Haya, mwingine."

Jeni aliinuka, akakung'uta pumba kwenye kanga, akatundika ungo wake kwenye msumari wake kama siku nyingine zote, akasema, "Ndaga, dada," yaani asante kwa Kinyakyusa chetu, akatoka. Neli aliendelea kutaja majina, na baadaye hakuweza kukumbuka aliyataja yapi.

Jioni alirudi nyumbani akiwa amepanga maneno yote, kwamba ilikuwa ni namna tu ya kusema, kwamba alijua wenzake wangekataa, akamkuta Jeni ameshafagia uwanja na kubandika maharage, mdogo wake akamkaribisha, akampa maji ya kunawa, na maneno yale yakakosa pa kuingilia. Shemeji yetu alitamani agombezwe. Alitamani Jeni avunje kitu, aite majirani, amtukanie hata wazazi, maana ugomvi una mlango wa kutokea, lakini Jeni alimtendea kwa upole tu, na siku chache baadaye akafunga vitu vyake, akadandia gari la ndizi la kwenda Matema, na kutoka hapo mtumbwi hadi Ikombe, kwa mama mmoja mfinyanzi waliyefahamiana kanisani, na huko akabaki, akikanda udongo na kuchoma vyungu pamoja na wenyeji wa mwambao.

Miaka iliyofuata, kwa macho ya watu, ilikuwa mizuri. Wapetaji waliobaki walipokea mshahara wa kueleweka, waliugua wakiwa na kazi ya kurudia, Anyisile aliezeka bati, Jubilate wetu alisoma ualimu, na hakuna aliyeondoka tena na chenga peke yake. Waliotoka, wengine walijaribu biashara ya kuuza ndizi na samaki, wengine walipata shida kweli, nayo isifichwe. Neli aliona yote mawili, na ndiyo maana hakuwa mwepesi wa kusherehekea. Zipo asubuhi alizomwambia mumewe kwamba anatamani ile redio ingekuwa imeharibika siku ile, kisha mchana akipita kibarua amelipwa chake na kukishika bila kuinama, anasema la, heri haikuharibika. Hakulimaliza jambo hilo moyoni mwake, na familia haitamalizia kwa niaba yake.

Alikwenda Ikombe mara nyingi. Alikuwa anajiandaa juma zima, anapika, anafunga mchele mpya, anaondoka kama anayekwenda kuposwa, na anarudi amenyauka. Kwani Jeni alimpokea vizuri mno, alimchinjia kuku, akamtandikia kitambaa kwenye kiti, akamkalisha kwenye hicho kiti, yeye mwenyewe akikaa chini mkekani na wafinyanzi wenzake, na Neli alipotaka kushuka akae naye aliambiwa, "Hapana, dada, wewe mgeni, utachafuka." Kiti kile! Marehemu alikichukia kiti kile kuliko kitu chochote duniani, alikieleza miguu yake na mgongo wake, alisema hata akifumba macho anakiona. Wakati wa kuaga alipewa chungu, zawadi ya mgeni, na vyungu mnavyoviona vimejaa sebuleni mpaka chini ya meza, msidhani ni biashara, ni safari zake zile, kila safari na chungu chake, na hakukubali hata kimoja kipikiwe.

Mwaka 2017 mavuno yalikuwa makubwa na Bwana Andrew akahitaji wapetaji zaidi, kwa kima kile kile cha halali, na Neli akakimbia Ikombe akiwa na habari hiyo kifuani, akamwambia Jeni kwamba nafasi ipo, msumari upo, ungo upo. Jeni alimshukuru sana, akasema sheria ile ni nzuri, dada, ulifanya vizuri, ila mimi nimezoea udongo. Neli alituambia kwamba angeambiwa sheria ile ni mbaya na yeye ni mbaya zaidi, angerudi akiimba.

Ungo wenyewe ulibaki palepale ukutani. Akija mpetaji mpya akaunyooshea mkono, Neli alimwambia una mwenyewe, amesafiri, na alipostaafu tarehe 30 Juni 2021 hakuomba zawadi nyingine, aliutwaa ungo ule pamoja na msumari wake, akauleta hapa na kuugongomelea ukutani jikoni, karibu na wa kwake. Kila Jumamosi aliufuta vumbi.

Wengine wenu mlikuwepo kwenye mkutano wa wakulima wa kokoa wa mwaka 2022, pale lilipozuka suala la kuwalipa wavunaji, na ndugu mmoja, hatumtaji kwa kuwa hajaomba, akasimama na kusema kwamba sheria hizi za mishahara zifutwe kabisa, watu waachwe waelewane wenyewe, na kama mnataka ushahidi muulizeni Mama Tumaini, sheria yake ndiyo iliyomfukuza mdogo wake. Neli aliinuka taratibu, alikuwa ameshaanza kuchoka kwa pumzi, akasema, "Sheria ilisema tusilipwe chini ya pale, basi. Haikunituma nimtaje Jeni. Kumtaja nilimtaja mimi, na kunyamaza mlinyamaza ninyi. Mkiifuta leo, mtalipwa chenga, na Jeni wangu bado hatarudi." Akakaa, akalia mbele za watu bila kujifunika, na wavunaji wakapitishiwa kiwango chao. Anyisile alitoka mkutanoni kabla ya maombi ya kufunga.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka huo huo wa 2022, na tarehe 18 Septemba 2024, katika Hospitali ya Wilaya hapa Kyela, ikagundulika kwamba moyo wake umetanuka, akapewa rufaa ya Mbeya, akatibiwa kwa juhudi kubwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2025 akaomba mwenyewe arudishwe nyumbani. Alitaka kitanda chake kielekee barabarani. Tulipotaka kumwita Jeni alikataa katakata, akasema asiitwe kama watu wanavyoitwa kwa mgonjwa, maana akiitwa atakuja na adabu zake, atakaa kwenye kiti na kusema pole dada, na yeye hana nguvu tena ya kupambana na kiti, aje siku atakayojisikia anakuja kwao. Tukamheshimu, Mungu atusamehe kama tulikosea. Kila gari lililopunguza mwendo pale njia panda, alinyanyua kichwa kidogo, akasikiliza, akakilaza.

Tumaini hakuvumilia, na Jumanne ya tarehe 10 Juni alimpigia mama yake mdogo bila kumwambia mtu. Jeni hakuuliza swali lolote, alisema anakuja, lakini mtakumbuka juma hili ziwa limechafuka, mitumbwi ya Ikombe haikutoka Jumatano wala Alhamisi. Neli Anyelwisye Mwakilasa alifariki dunia hapa nyumbani Alhamisi ya tarehe 12 Juni 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe na uso wake ukiwa barabarani. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kyela na wa Mbeya, waliomhudumia bila kuchoka, inamshukuru Baba Mchungaji aliyemletea Chakula cha Bwana mpaka kitandani, majirani waliobeba maji na kuni, vibarua wa shamba letu waliokataa kulipwa kwa kuchimba kaburi, wakisema huyu mama wamekwisha lipwa naye, na Bwana Andrew, aliyesimamisha mashine siku tatu na kuleta mpunga wa msiba akiubeba mwenyewe begani.

Na sasa shukrani za mwisho ni kwa wapetaji, wenzake marehemu, ambao tangu jana wako huko nyuma ya nyumba wakiupeta mchele tutakaokula leo. Jana, Ijumaa, saa nne asubuhi, Jeni aliingia hapa uwanjani, kanga yake imelowa maji ya ziwa, na msomaji wa historia hii, kwa upumbavu wake, alikimbia kumletea kiti. Akakipita. Hakuulizia jeneza, hakumsalimia mtu, aliingia jikoni moja kwa moja, akaushusha ungo wake kutoka kwenye msumari, akaushika kwa mkono mzima na ule wa kiwiko kilichopinda, akatoka nao mpaka kwenye mkeka wa wapetaji, akasimama pembeni. Wakanyamaza wote, sawasawa na siku ile. Halafu Anyisile, machozi yanamwangukia kwenye mchele, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Sogeeni! Sogeeni jamani, mpeni na huyu!", na wanawake wote wakapiga kelele, kelele ambazo shemeji yetu alizingoja miaka kumi na moja, wakabanana, wakaacha pengo, na Jeni akakaa, akapeta, polepole kama alivyokuwa akipeta, akavuta kila mara mchele kidogo na kuuweka kando upande wake wa kulia, mahali palipobaki wazi, pa goti la mtu mmoja.

Ndaga fijo, Neli. Mdogo wako amekuja kwao, hajakaa kwenye kiti. Mkekani wamesogea, nafasi yako ipo, wewe lala, mama, pumzika kwa amani.